UZI: Kikundi chetu cha kusoma katuni Tanga. Nakala moja, watu kumi na mmoja

MwanaNgamiani
Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Mwaka jana niliuliza humu kama kuna mtu mzima Tanga anayesoma katuni bila kuona haya. Walijitokeza wanne, mmoja kati yao alikuwa ananitania. Leo nimerudi kutoa mrejesho, maana watu humu huomba ushauri halafu wakapotea kama mwezi wa Ramadhani.

Kikundi kipo. Tunakutana kila Jumamosi baada ya alasiri kwenye baraza la nyumba moja Ngamiani. Tuko kumi na mmoja: fundi simu, wauguzi wawili, dereva wa bajaji, wanafunzi watatu wa chuo, dada anayeuza vitenge, mwalimu mstaafu wa hesabu, mimi, na mzee mmoja ambaye ndiye sababu ya uzi huu. Jina hatuna. Tumebishana jina mara tatu na mara zote kahawa imepoa.

Nianze na jinsi tulivyotaka kufa. Mwanzoni tulifanya kama wafanyavyo watu wa vitabu. Jumapili tunatumiana faili WhatsApp, kila mtu anasoma kwake, Jumamosi tunakuja kujadili. Mjadala wa kwanza ulichukua dakika kumi na tano. "Mimi nimeipenda." "Jamaa anajua kuchora." "Yule muuaji nilimjua mapema." Basi, tukanyamaza tukatazamana. Wiki ya tatu tulifika watano, tukaishia kuzungumza Coastal Union. Riwaya ya maneno mtu huisoma siku nne, akaja na machungu yake. Katuni ya kurasa arobaini na nane unaimeza ukiwa kwenye foleni ya benki, na kilichomezwa bila kutafunwa hakina utamu wa kusimulia.

Huyo mzee ni jirani wa baraza. Enzi zake alikuwa mchora mabango: milango ya saluni, mabodi ya malori, picha za samaki kwenye kuta za migahawa. Alitusikiliza wiki mbili kutoka kwenye kiti chake bila kutia neno. Wiki ya nne akaja na karatasi ya manila imekunjwa mara nne, kaichora mwenyewe zamani, haijawahi kuchapwa popote. Ina vyumba sita. (Fremu tunaziita vyumba, mtazoea.) Akaitandaza juu ya mkeka, akasema someni.

Tukasoma. Wanawake wawili wanatoka kisimani, mmoja ana ndoo kichwani, mwenzake hana kitu. Wanasengenya harusi ya jirani: pilau halikutosha, bwana harusi kavaa viatu vya kuazima. Mwisho wanaagana. Wala haichekeshi. Tukasema kwa adabu, nzuri mzee.

Akachana gazeti vipande vipande, akafunika maneno yote. Akasema haya, someni tena.

Muuguzi mmoja ndiye aliyeanza kuona. Chumba cha kwanza kuna tone moja karibu na kisigino. Cha pili, mstari mwembamba wa unyevu kwenye vumbi nyuma yao. Cha nne, kuku na vifaranga wanakunywa kwenye mstari ule. Cha tano mkono umeachia ndoo, shingo imenyooka, mzigo umekuwa mwepesi. Cha sita ndoo imeshikwa kwa kidole kimoja. Ndoo inavuja mwanzo hadi mwisho, na hakuna neno hata moja linaloitaja.

Tukadhani tumemaliza. Mzee akasema mwangalieni shoga yake. Tangu chumba cha tatu macho ya shoga yako kwenye ndoo. Anaona. Na ndiye anayesukuma mazungumzo, ndiye anayeleta habari ya viatu vya kuazima. Hapo baraza likawaka moto. Ana husuda? Anaogopa kumwambia? Au umbea mtamu kiasi kwamba maji yanaweza kusubiri? Tuliondoka saa mbili usiku, mwenye nyumba akiwa ameshaanza kufunga madirisha kwa kishindo.

Tangu siku ile utaratibu ni mmoja. Nakala moja, mkeka mmoja, maneno yanafunikwa kwanza. Kurasa nne mpaka sita kwa siku, hazizidi. Ile nafasi nyeupe kati ya chumba na chumba tunaiita uchochoro. Chumba hiki kijana anapanda basi na begi moja, chumba kinachofuata ana mvi. Yaliyopita kati yake hayakuchorwa, na kila mtu barazani ana yake.

Sasa nina shida tatu. Natafuta SANI za zamani, lile gazeti la vibonzo, hata zilizochakaa. Natafuta hadithi ndefu ya picha inayotuhusu sisi, siyo ya majitu yanayoruka juu ya maghorofa. Na kama kuna mwenye jina zuri, alilete.

Kiti_cha_Mbele
Nimekaa na kashata yangu. Endelea kushusha, mkuu.

Mzalendo_Halisi
Samahani mleta uzi, sipendi kukatisha watu tamaa. Lakini mwalimu mstaafu, wauguzi, watu wenye ndevu, mnakaa barazani kufunika katuni na gazeti? Katuni ni za watoto. Someni vitabu vya maana muongeze maarifa.

Paka_wa_Pwani
@Mzalendo_Halisi kuna kitabu kinaitwa Maus cha Art Spiegelman, Mmarekani. Kinasimulia yaliyompata baba yake, Myahudi wa Poland, kwenye kambi za Wanazi. Wayahudi kawachora panya, Wajerumani paka. Kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1992. Mpe mtoto wako wa miaka sita halafu urudi kutuambia alilalaje.

MwanaNgamiani
@Paka_wa_Pwani asante, hoja ni nzuri, ila kila katuni ikidharauliwa humu lazima atokee mtu na Maus, kama vile bila cheti cha Marekani hatuwezi kujitetea. Hapa kwetu watu wazima wamekuwa wakinunua gazeti kwa ajili ya katuni tangu enzi za Chakubanga. Christian Gregory alikuwa anamchora kwenye Uhuru kuanzia miaka ya 1960. Lile lilikuwa gazeti la chama, na Chakubanga alikuwa mlevi, mkware, anayekwama mjini. Wasomaji wake walikuwa makarani na wafanyakazi wa bandari. Na leo watu wazima wangapi hufungua mtandao asubuhi kwanza waone Kipanya kasema nini? Masoud Kipanya hachorei watoto.

Mwalimu wetu mstaafu anakusalimu, @Mzalendo_Halisi. Anasema alifundisha hesabu miaka thelathini na kitu na ndoo ile hakuiona.

Bweni_la_Tatu
Uzi umenirudisha mbali. Mnaotaja SANI mnajua jina limetoka wapi? Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. SA na NI. Mimi niligundua nikiwa na watoto watatu, miaka yote nilidhani ni neno la Kiarabu.

Shuleni bweni letu lilikuwa na nakala moja ya SANI kwa vitanda ishirini na nne. Ilikuwa na foleni. Mwenye nayo alikuwa anakodisha kwa andazi moja mpaka taa zizimwe, na akikukuta umekunja kona ya ukurasa andazi linakuwa mawili. Marehemu Philip Ndunguru ndiye aliyekuwa anachora akina Ndumilakuwili, Kipepe na Lodi Lofa. Alifariki mwaka 1986, bado kijana, wengine wakawaendeleza wahusika wake. Sisi tulikuwa tunaweza kukwambia huyu Kipepe kachorwa na mkono mwingine, hata kama hakuna aliyetuambia. Pua ilikuwa inabadilika.

Kwa hiyo, hiyo nakala moja watu kumi na mmoja siyo ugunduzi wenu, vijana. Sisi tulikuwa nakala moja watu ishirini na nne. Ila kufunika maneno, hilo hatukuwahi kufikiria.

Kabla ya hapo kaka zetu walikuwa na Lance Spearman, ile ya picha za kupigwa na kamera, jamaa ana kofia na sigara, anarusha ngumi. Mjomba wangu alivaa kofia ile mpaka kwenye msiba.

BintiChumbageni
Mimi ndiye yule muuguzi aliyeona ndoo, na kuna jambo kaka yangu MwanaNgamiani kaliruka. Kila akisimulia habari za kikundi analiruka.

Mwezi wa pili mwenzetu alileta mafungu ya magazeti ya vibonzo ya zamani, siyo SANI tu, mchanganyiko. Tukafunika maneno kama kawaida. Maneno yakishafunikwa kinachobaki ni mwili. Na miili ya wanawake mle, jamani. Mwanamume ana uso, ana kovu, ana namna yake ya kusimama. Mwanamke ni makalio yanayopita nyuma ya chumba. Chumba baada ya chumba. Ukisoma na maneno unacheka, kwa sababu maneno yanakuvuta haraka. Ukiyafunika hakuna cha kucheka.

Nikasema. Wanaume wakaanza: dada, ni utani, ni enzi zile. Dada wa vitenge akawauliza, enzi zile mama zenu hawakuwa na nyuso?

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema yeye mwenyewe amechora makalio mengi kwenye mabodi ya malori, na sababu ni kwamba madereva walikuwa wanalipa kwa hayo. Akasema uso ni kazi ya saa mbili, makalio ni dakika tano. Sikulipenda jibu lake lakini lilikuwa la kweli, na wiki iliyofuata akaleta karatasi mpya. Sitaisimulia hapa, ni ya baraza.

Kwa hiyo mnapotutafutia SANI, leteni, tutazisoma. Lakini hatuzisomi kwa kulia ujana tu.

MwanaNgamiani
Dada kasema kweli. Niliruka kwa sababu mmoja wa waliosema "ni utani" ni mimi.

Dereva_Bajeti
Hapo kwenye "mama zenu hawakuwa na nyuso" nimeweka simu chini.

Kibokoni_Mombasa
Salamu kutoka Mombasa. Hapa kwetu ukitaja katuni kwa mtu wa umri wa mamangu atakutajia Juha Kalulu kabla hujamaliza sentensi. Edward Gitau alimchora miaka na mikaka kwenye Taifa Leo, Kalulu yule yule, ujinga ule ule. Mamangu alijifunza kusoma Kiswahili cha gazeti kwa Kalulu, kwa vile picha ilimpa nusu ya maana na nusu akaitafuta mwenyewe. Babu wa jirani alikuwa akimtumia mjukuu dukani kununua gazeti, kisha anafungua Kalulu kwanza, siasa baadaye.

Kuhusu jina: miaka ya 1980 hapa Kenya kulikuwa na mfululizo wa ngano zilizochorwa, Terry Hirst alikuwa kinara wake, nao uliitwa Pichadithi. Picha na hadithi, neno moja. Mimi naona hakuna neno bora zaidi la kitu hiki katika Kiswahili chote, na tumeliacha lilale.

Vijana wa sasa wao ni katuni ya Shujaaz. Ilianza 2010, bure, ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, mhusika wake Boyie na stesheni yake ya redio ya kujificha. Ni Sheng tupu. Mnaweza msiielewe huko Tanga, lakini si mnafunika maneno?

Mwalimu_wa_Sarufi
"Pichadithi" ni neno la kubandika, halifuati utaratibu. Sahihi ni "hadithi ya picha", na ikiwa ndefu "riwaya ya picha". Katuni ni mchoro mmoja wa mzaha, kibonzo ni hicho hicho kwa watu wa Bara. Tusichanganye.

Kibokoni_Mombasa
@Mwalimu_wa_Sarufi mwalimu, barabarani hakuna mtu anayesema "nipe riwaya ya picha". Atapewa picha ya harusi.

Wa_Ujiji
MwanaNgamiani, umeomba hadithi ndefu inayotuhusu. Ninayo moja, na inatuhusu kiasi kwamba nikifungua dirisha namwona mhusika wake mmoja.

Inaitwa Madame Livingstone. Mchoraji ni Barly Baruti, Mkongo, mzaliwa wa Kisangani, mwandishi mwenza ni Mfaransa Christophe Cassiau-Haurie. Ilitoka kwa Kifaransa mwaka 2014, na sasa ipo ya Kiingereza. Ni Vita Kuu ya Kwanza, Ziwa Tanganyika. Rubani kijana wa Kibelgiji anatumwa kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani. Anapewa mwenyeji wa kumwongoza, mtu chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kudai kuwa ni mwana wa Livingstone. Kwa sketi ile watu wakamwita bibi Livingstone.

Sasa meli. Meli ile ni Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha yanayosemwa kuwa 5,000, ikashushwa Dar es Salaam na kuletwa huku Kigoma kuungwa upya. Ikaingia majini 1915. Julai 1916 Wajerumani walipozidiwa waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya hapo mafundi walipaka mashine grisi, kama mtu anayehifadhi kitu atakachorudi kukichukua. Hawakurudi. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. Jina hilo ni Liemba. Bibi yangu amesafiri nayo hadi Kasanga na mbuzi wawili.

Niliisoma mara ya kwanza kwa haraka nikitafuta meli tu, kama mtoto. Baada ya kusoma uzi huu jana usiku nimeichukua tena, nikafunika maneno kwa bahasha ya bili ya umeme. Nikaacha kumwangalia rubani. Nikaanza kuwaangalia watu wanaobeba. Vita ile ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi wa Kiafrika, na wengi wao hawakurudi makwao, huku kwetu hilo halihitaji kitabu, kila ukoo una jina la mtu aliyechukuliwa. Nikawa nawatafuta kwenye picha, nani anabeba nini, nani anamtazama nani. Sikulala.

Kifaransa chenyewe sikijui. Ninayo ya Kiingereza. Lakini kurasa kumi za kwanza hata hukumbuki kuwa kuna lugha.

MwanaNgamiani
@Wa_Ujiji hii ndiyo. Hii ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Inapatikanaje?

Wa_Ujiji
Yangu aliniletea mtu kutoka Ulaya. Sikuuzii, ila naweza kuikopesha mkiniahidi mambo mawili: hakuna kahawa juu ya mkeka, na hakuna kuipiga picha mkasambaza.

Faili_Bure
Jamani mbona mnateseka? Vitu vyote vipo mtandaoni. Naweka kiungo cha PDF usiku huu, kila mtu ashushe kwake. Karne hii mtu anasafirisha kitabu kwa basi?

Wa_Ujiji
@Faili_Bure usiweke. Baruti bado yu hai na anakula kwa kalamu hiyo.

Faili_Bure
Mkuu, kitabu hakiuzwi Tanzania. Nikikishusha nani kapoteza? Ningekiona dukani ningenunua.

Bweni_la_Tatu
@Faili_Bure kwa hoja hiyo sisi bwenini tulikuwa wezi kwa andazi. Ngoja nikutetee kidogo: ni kweli vitabu hivi havifiki, na vikifika bei yake ni mshahara wa mtu. Lakini SANI ilikuwa inaishi kwa sababu mtu mmoja kati ya ishirini na nne alinunua. Kwenye faili lako hakuna hata huyo mmoja.

MwanaNgamiani
Mimi sitaki kuingia kwenye dhambi na thawabu, nitasema la kiufundi tu, kwa sababu tumelipitia. Tulianza na faili, na faili ndilo lililotaka kutuua. Kioo cha simu hakitoshi ukurasa. Kwa hiyo unavuta, unaona chumba kimoja, unasogeza, chumba kingine. Umeufanya ukurasa kuwa mlolongo wa picha. Mchoraji hakuuchora hivyo. Aliupanga wote kwa pamoja, kama fundi anavyopanga nyumba: chumba kikubwa juu ili upumue, vidogo vitatu chini ili moyo uende mbio, na kile cha mwisho kulia chini kakiacha na swali, kwa sababu anajua utageuza karatasi. Jibu lipo nyuma ya karatasi. Kwenye mkeka tunabishana kabla ya kugeuza, na mzee ndiye pekee anayeruhusiwa kugeuza. Kwenye simu dole gumba limeshateleza.

Na lingine. Watu kumi na mmoja wakiinamia karatasi moja, vichwa vinagongana, mmoja anaiona juu chini kwa sababu kakaa upande wa pili. Fundi simu wetu hukaa huko makusudi. Anasema ukigeuza picha kichwa chini unaona mchoraji kaweka uzito wapi.

Bukavu_Mwambao
Jambo kwenu wote. Mimi ni wa Bukavu, niko Kigoma kwa biashara, kule kwetu hizi katuni tunaziita bede. Tumekua nazo. Wazee wa Kinshasa wanazungumzia Jeunes pour Jeunes, gazeti la 1968, mpaka leo.

Ninyi mnasoma kwa kufunika maneno. Mimi nawaomba siku moja mfanye kinyume na kitabu kimoja tu: Tintin kule Kongo, ya Hergé, Mbelgiji. Kilitoka kuwa kitabu mwaka 1931. Baba alikuwa nacho nyumbani, na sisi watoto tulicheka. Tulicheka sana, siwadanganyi. Kuna mahali Tintin, yule shujaa wa Kizungu, anaingia darasani kufundisha watoto weusi. Kwenye toleo la zamani anawaambia atawafundisha kuhusu nchi yao Ubelgiji. Mwaka 1946 walipokichora upya kwa rangi, somo likawa hesabu za kujumlisha. Maneno yakabadilishwa. Midomo yetu ikabaki vile vile.

Mkongo mmoja alikipeleka mahakamani Ubelgiji 2007, mahakama ikakataa ombi lake 2012. Mimi sikuwa na maoni kuhusu kesi ile. Lakini mwanangu alipokikuta sandukuni na kuanza kucheka, nilijikuta namwangalia badala ya kuangalia kitabu.

BintiChumbageni
@Bukavu_Mwambao kaka, ulimwambia nini mtoto?

Bukavu_Mwambao
@BintiChumbageni sikumwambia kitu siku ile. Nilimletea cha Baruti kesho yake, nikaviweka vyote viwili mezani, nikaenda kazini. Jioni nilikuta kaanza kuchora yeye.

Paka_wa_Pwani
Mkitoka ziwani nendeni Abidjan. Aya wa Yopougon, wa Marguerite Abouet, mchoraji Clément Oubrerie, kitabu cha kwanza 2005. Wasichana watatu, mtaa wa uswahilini, mwishoni mwa miaka ya 1970, hakuna vita, hakuna njaa, hakuna mzungu wa kuokoa mtu. Ni wazazi, wanaume waongo, na nani kapewa mimba na nani. Ukiondoa majina utadhani ni Ngamiani. @BintiChumbageni mle wanawake wana nyuso.

BintiChumbageni
Nimeandika kwenye daftari.

Otaku_wa_Mabawa
Na manga je? Mbona hakuna anayetaja? Vijana wengi ndiyo wanachosoma.

MwanaNgamiani
@Otaku_wa_Mabawa tulijaribu. Mwanafunzi mmoja alileta ya Kijapani, mwalimu mstaafu akaifungua kama kawaida, akasoma kurasa tano akasema hadithi hii imeanza na mazishi, mwandishi jasiri. Kumbe kaanza mwisho. Zinasomwa kutoka kulia. Kijana akaanza kueleza kwa mikono, mchoro, mishale. Dada wa vitenge akamwambia acha kutusumbua, sisi wote tumepita madrasa. Akakigeuza kama anavyogeuza juzuu, baraza zima likasoma bila tabu. Aliyebaki nyuma ni mwalimu, maana yeye ni Mkristo wa Korogwe.

Mzalendo_Halisi
Bado sijashawishika. Ila nauliza, ile karatasi ya ndoo inaweza kuonekana? Pigeni picha muiweke.

MwanaNgamiani
@Mzalendo_Halisi nilimwomba mzee. Kasema mtu akitaka kuiona, baraza halina mlango.

Mwalimu_wa_Sarufi
Nimejaribu kufunika maneno kwenye kitabu cha picha cha mwanangu wa darasa la tatu. Nimegundua mchoraji hakuwa na habari na kilichoandikwa. Maneno yanasema sungura analia, pichani anatabasamu. Hiki ni kitabu cha kufundishia. Nimeudhika.

Kiti_cha_Mbele
Mwalimu kawa mmoja wetu bila kutangaza.

Muheza_Stesheni
MwanaNgamiani, nilikuwa nasoma tu kimyakimya. Marehemu baba aliacha sanduku la bati. Ndani kuna SANI na magazeti mengine ya vibonzo, mchwa hawajafika ila unyevu umefika. Mama alitaka yafungiwe maandazi. Siuzi, na sitaki yarudi hapa, yatafungiwa maandazi kweli. Natuma kesho kwa basi la asubuhi. Nitakupa namba ya gari faragha.

Sharti langu ni dogo. Ndani ya baadhi ya nakala baba kaandika pembeni kwa penseli. Alikuwa anajibizana na wahusika. Msifute.

MwanaNgamiani
Dada au kaka, sijui nikuiteje, nimesoma hii nikiwa kazini nikatoka nje kwanza.

Hatutafuta. Mzee nimemsomea ujumbe wako, kasema tutafunika maneno ya gazeti, ya baba hatutafunika.

Wa_Ujiji
Na mimi ya kwangu nimeshaifunga. Inaondoka Jumatatu. Kumbukeni kahawa.

MwanaNgamiani
Mrejesho wa Jumamosi, kwa kifupi, nimechoka.

Sanduku nililipokea stendi ya Kange asubuhi. Kondakta alinitoza kama mzigo wa saruji. Nakala kumi na saba, nne zimeshikana kwa unyevu, fundi simu kasema atazitenganisha kwa mvuke wa birika taratibu, na hatukumruhusu aanze leo. Tulifika kumi na wanne. Mmoja wa wageni hakutaja jina lake humu, kakaa nyuma, kaangalia ile karatasi ya ndoo muda mrefu, kisha akauliza mbona kuku wa chumba cha nne ana miguu mitatu. Mzee akasema umekuja kutazama kweli. Ni kosa la kalamu, na katika miaka yote hii hakuna aliyewahi kuliona.

Tulisoma kurasa tatu tu. Kwenye ya pili marehemu kaandika pembeni, "Wewe Kipepe, rudi nyumbani." Basi, tukabaki hapo hapo mpaka magharibi, wengine wakisema anamwonya, wengine wakisema siku ile marehemu mwenyewe alikuwa hajarudi kwake. Muheza_Stesheni, kama unajua, usituambie kwanza.

Jina bado. Kura sita Pichadithi, tano hapana, watatu walikuwa wanakula mihogo.

Ombi la mwisho. Nakala moja haina jalada wala ukurasa wa nyuma, imekatika katikati ya ugomvi, mtu kanyanyua kiti. Naweka mchoro wa chumba cha mwisho tulicho nacho. Mwenye nakala nzima atupigie picha ya ukurasa unaofuata. Lakini tafadhali, ukurasa wote kwa pamoja, siyo chumba kimoja kimoja.